Jiwe Lililoogopa Ndimu

Kwenye arobaini ya shangazi yangu, Bi Somoe, wenzangu walikaa mkekani wakisoma, mimi nikatumwa jikoni. Hakuna aliyeuliza kama naweza. "Mpeni Mwajuma masufuria," alisema Bi Zainabu, jirani wa ukuta kwa ukuta. "Yule ana kinyaa, atasugua mpaka chuma kiombe msamaha." Wanawake wakacheka nyuma ya kanga. Sikukasirika. Kila mtu ana sifa yake, na yangu ni kwamba nikialikwa kula huchungulia kwanza chini ya sahani. Wapo niliosoma nao sekondari waliofika mbali. Mimi nilifika mlangoni, nikaona nje kuna vumbi, nikarudi ndani. Lakini nilipousukuma mlango wa jiko lile la Kilwa Masoko, harufu ilinipokea kabla ya mtu: shombo ya zamani iliyolala juu ya bizari, na juu yake mafuta ya nazi yaliyochacha. Nikasimama kizingitini na dodoki langu mkononi kama mwanamke aliyekutana na mtalaka wake sokoni. Jiwe lilikuwa palepale, kutoka ukutani hadi kwenye sinki. Siku lilipofika lilikuwa jeupe lenye mishipa ya kijivu. Sasa lilikuwa na rangi ya jino la mla tambuu.

Mwaka nilioletwa kwa ajili ya jiwe hilo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu hayakuhitaji kusomwa mara mbili. Kijijini kwetu Nyangamara nilikuwa nangojewa na mikorosho. Watu wa mjini wanazijua korosho zikiwa zimekaangwa kwenye vifuko. Mimi nilizijua zikiwa zimening'inia kwenye mabibo yaliyoanguka, yakapasuka, yakachachuka juani, na inzi wamelewa hawawezi hata kuruka. Kuokota unaingiza kidole humo. Nilikuwa naokota nikiwa nimebana pua kwa mkono mmoja, na kwa mwendo huo hata kuku alikuwa ananishinda kazi. Kwa hiyo shangazi alipokuja kutafuta msichana wa kukaa naye, mama alinitoa haraka kama anayetoa paka asiyekamata panya. Masharti ya shangazi yalikuwa mafupi. "Kazi yako ni jiwe. Liking'aa unakaa. Likiharibika unarudi kwenye mabibo yako." Nikaona nimeingia peponi. Kulinda jiwe! Kazi gani tena ya ndani kuliko hiyo?

Jiwe lilikuwa la mwanawe, Shaweji, fundi wa kutandika mawe kwenye mahoteli ya Dar es Salaam. Kipande kilibaki kazini, akapewa, akakisafirisha kwenye lori kikiwa katikati ya magodoro kama mgonjwa. Lakini tusidanganyane: halikuja kwa ajili ya kukatia vitunguu. Tangu Shaweji aoe, mkewe Sauda hakuwahi kulala Kilwa hata siku moja. Moshi wa banda la nje, walisema, unamwasha macho. Ndipo Shaweji akamwambia mama yake maneno ambayo mama aliyashika kama aya: "Nikujengee jiko la ndani, mama, Idd hii Sauda atakuja. Tutakaa wiki nzima, tutakula chakula chako." Jiwe lile lilikuwa chambo, na shangazi alikuwa ameketi kwenye ncha ya mshipi akingoja.

Nilikuwepo Shaweji alipolikaza mahali pake. Alilipaka dawa ya maji iliyonuka kama gereji, akatueleza kuwa marumaru ina vinyweleo kama ngozi, usipoviziba inakunywa kila unachomwaga. Akaacha kopo lenye dawa iliyobaki tulipake tena baada ya miezi michache. Shangazi alilipenda lile kopo kwa sababu lilikuwa na picha ya jiko zuri, akaliweka kwenye kabati la vioo pamoja na vikombe vya harusi yake, na humo ndimo lilimokauka.

"Na jambo kubwa," Shaweji akasema, "ndimu msiliguse. Wala siki, wala ukwaju, wala majivu. Hili ni jiwe la jamii ya chokaa, kitu kichachu kinalila, majivu yanalikwaruza."

Shangazi akamtazama kwa huruma. "Jiwe linaogopa ndimu?"

"Ndiyo, mama."

"Pweza hana hata mfupa mmoja na haogopi ndimu. Jiwe!"

"Mama, nisikilize."

"Nakusikiliza, baba. Nasema tu umeniletea jiwe lenye moyo mdogo."

Shaweji akanigeukia mimi. Sisi ni mabinamu, utani wetu hauna mpaka. "Sasa wewe, mke wangu wa Nyangamara. Kitambaa laini, maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji tone moja, halafu unakausha. Likidondokewa na kitu, futa hapohapo."

"Mume wangu," nikamwambia, "mbona linaogeshwa vizuri kuliko mimi?"

"Limetoka Dar. Wewe umetoka kwenye mabibo."

Laiti tungefuata hayo tu. Lakini kwetu kitu kizuri hakiachwi uchi. Makochi ya shangazi yalivaa vitambaa vya kudarizi, televisheni ilivaa shela, rimoti ilikuwa bado ndani ya nailoni yake ya dukani, na chupa ya chai ya Idd ilikaa katika boksi lake kutoka Idd moja hadi nyingine. Ingewezekana vipi jiwe pekee likae wazi kama lisilo na wenyewe? Basi lori lilipotokomea tu barabarani, shangazi alinunua mpira wa meza wenye matofaa mekundu, akaufunika juu ya marumaru yote, akaubana kingo kwa utepe wa gundi. Wageni walipokuja alibandua pembe moja kidogo, wachungulie, kama anavyofunuliwa uso bibi harusi, kisha akaifunika. "Mashallah," walisema, na shangazi akajibu, "La Sauda hilo." Kupika tukaendelea kupika bandani, kwenye mafiga, machozi yakitutoka. Na kazi yangu, ile ya peponi, ikawa kupangusa matofaa ya plastiki.

Kama tusingeligusa kabisa lingepona. Lakini mahali palipo tambarare na pa baridi ndani ya nyumba ya Kilwa hapawezi kuachwa bure. "Hapa hatupiki," shangazi alikuwa akisema, "tunaweka tu." Tukaweka. Tukaweka beseni la pweza anayengoja kupondwa, na maji yake ya kijivu yakipita ukingoni. Tukaweka machicha ya nazi, papa mkavu aliyelowekwa, chungu cha mchuzi wa bizari, kata inayodondoka. Kila kitu kilichomwagika juu nilikifuta, Mungu shahidi. Lakini mpira ulikuwa umetoboka karibu na sinki, na mshono wa pembeni ulikuwa umeachia, na kilichoingia pale kiliingia kwenye giza, joto na unyevu, nacho kikaanza maisha.

Ilianza kama harufu isiyo na mwenyewe. Kila aliyeingia alinusa, akanyamaza, akamtazama mwenzake. "Mwajuma, umeoga leo?" aliniuliza shangazi. Nilikuwa nimeoga mara mbili kwa ajili ya swali hilohilo la jana. Paka akahukumiwa, akahamishiwa kwa Bi Zainabu, harufu ikabaki, paka akarudi akiwa amenuna. Tukamwaga maji ya moto kwenye bomba la sinki. Tukahamisha kabati. Bi Zainabu akasema ni panya aliyefia darini, tukampandisha fundi, akashuka na buibui kichwani na kusema huko juu ni kusafi kuliko huku chini. Shangazi akafukiza udi asubuhi na jioni, na hapo ndipo ubaya ulipokamilika: udi na shombo vikafunga ndoa, vikazaa harufu ya tatu, tamu, nzito, inayokaa kooni. Nilikuwa nakula ugali wangu uani nikiwa nimegeukia ukuta. Hata hivyo nilikuwa na nyama kidogo mashavuni. Sijui zilitoka wapi, labda woga unanenepesha.

Ramadhani ilipokaribia kwisha, shangazi akaamua mpira ufunuliwe, jiwe lipate hewa kabla ya Sauda. Tulikuwa watatu: yeye, mimi na Bi Zainabu aliyekuja kwa ajili ya kushuhudia. Shangazi akashika pembe, akavuta. Mpira haukuinuka; ulibanduka, taratibu, kwa sauti ya bandeji inayotolewa kwenye kidonda kibichi, na nyuzinyuzi za ute zikainuka nao, zikanyooka, zikakatika. Chini yake maji ya rangi ya chai yalikuwa yametandaa. Machicha ya nazi yalikuwa yamegeuka ugali wa kijani wenye manyoya. Ukungu mweusi ulikuwa umeota kando ya sinki kama ndevu. Mende walitawanyika, wakubwa kwa wadogo, na mmoja mweupe, aliyetoka kujivua gamba, laini kama punje ya wali, alisimama katikati akitutazama kana kwamba sisi ndio tumeingia bila hodi. Na karibu na ukuta kitu kilikuwa kinatembea bila miguu. Funza. Juu ya marumaru ya hoteli ya Dar es Salaam.

Nikataka kutapika. Nilikuwa nimefunga. Nikaziba mdomo, nikamtazama Bi Zainabu kwa macho ya kuomba fatwa.

"Kikija chenyewe hakifunguzi saumu," akasema. "Ila usikivute."

Kilikuja chenyewe. Niliporudi kutoka uani, shangazi alikuwa amekwisha kukwangua uchafu kwa kipande cha boksi, na jiwe lilikuwa limelala wazi mbele yake, njano ya bizari imeingia ndani kwa duara moja juu ya jingine, kila chungu kimeacha nyayo zake. Kisha akaenda uani, akarudi na ndimu amezijaza upande wa kanga, na majivu kwenye kifuu.

"Shangazi," nikasema, "kaka alituambia..."

"Kaka yako anajua mawe. Mimi najua shombo."

Na mwanamke gani wa pwani angefanya vingine? Mikono ikinuka pweza, ndimu. Ubao ukinuka papa, ndimu na majivu. Sufuria, sinia, kisu, hata kitoto kilichoshika utumbo wa samaki: ndimu. Akakata ya kwanza, akaikandamiza juu ya jiwe, akazungusha. Jiwe likatoa povu. Povu dogo, jeupe, linalonong'ona. Shuleni mwalimu wa kemia aliwahi kudondosha siki kwenye chaki, ikafanya vilevile, darasa zima tukapiga makofi. Lakini elimu yangu ilikuwa ya kupigia makofi tu, haikuwa ya kutumia.

"Mnaona!" shangazi akapaza sauti, na uso wake ukawa wa msichana. "Mnaona uchafu unavyotoka? Zainabu, niletee ndimu zako!"

Bi Zainabu akaleta kapu. Kadiri jiwe lilivyozidi kuliwa ndivyo lilivyozidi kutoa povu, na kadiri lilivyotoa povu ndivyo shangazi alivyozidi kushukuru Mungu na kukamua. Majivu yakafuata, kisha stili waya. Nilisimama nyuma yake na kitambaa changu laini, nikiwa na maana sawasawa na mwavuli ndani ya kisima. Lilipokauka, mng'aro ulikuwa umekwenda. Mabaka yalikuwa yametapakaa, meupe, ya kukwaruza, kama mba kwenye mgongo wa mtu, na njano ya bizari ilikuwa haikutikisika. Shangazi akapitisha kiganja juu yake. Akapitisha tena. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Tulipake mafuta ya nazi. Ngozi kavu hupakwa mafuta." Likang'aa siku moja. Siku ya pili lilikuwa linanata, vumbi na mbawa za kumbikumbi zimegandia. Siku ya Idd mafuta yalikuwa yamechacha.

Sauda alikuja. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikashindwa. Alimpigia shangazi goti, akamwita mama, akamletea kitenge. Alipoingizwa jikoni nikamwona anavuta pumzi, anaishikilia, anatabasamu nayo ikiwa ndani. "Jiko zuri, mama," akasema kwa hewa kidogo iliyobaki. Shaweji aliweka kidole kwenye baka moja, akakinusa, akakipangusa kwenye suruali mpya ya Idd. Shangazi alikuwa amepika pweza wa nazi, wali, na samaki wa kukaanga, mara ya kwanza ndani ya jiko lile, kwenye jiko la gesi lililokuwa bado na karatasi zake. Akaandaa juu ya jiwe, maana ndiyo ilikuwa ndoto yake: wale wakiwa wamelizunguka. Sauda alichukua tonge, akalizungusha, akalibonyeza, akalizungusha. Nimeona watu wakivingirisha tonge, lakini lile lilikuwa linaandaliwa kwa safari ambayo halikwenda. Kisha akaomba radhi, kichwa kinamuuma, akaingia chumbani, Shaweji nyuma yake.

Dirisha la chumba lilitazama uani, kwenye mtungi. Mimi na shangazi tulikuwa hapo, yeye ameshika bakuli la pweza alilotaka kumwekea Sauda apoze, ale baadaye.

"Shaweji, nimejitahidi," Sauda alikuwa akisema. Sauti yake haikuwa na dharau, na hilo ndilo lililouma. "Nikiinua mkono tu, pua inanikataa."

"Kula kidogo, mama aone."

"Nikila kidogo kitarudi. Hicho ndicho unataka aone?"

Shaweji akasema, "Basi jioni tutatoka, tukale chipsi kule gesti. Kesho nitasema nimepigiwa simu ya kazi."

Shangazi hakutikisika. Alilitazama bakuli lake kama lililomjibu vibaya mbele ya watu. "Shika," akaniambia, akanipa, akaenda kutawadha ingawa wakati wa sala ulikuwa haujafika. Kesho yake simu ya kazi ikapigwa, au ikasemwa imepigwa, wakaondoka na basi la asubuhi. Wiki nzima ile ikawa usiku mmoja.

Nilirudi ndani nikakunja nguo zangu. Masharti niliyakumbuka vizuri, na pua yangu ilikuwa tayari Nyangamara, kwenye mabibo. Ndipo nikasikia ananiita.

"Mwajuma! Leta samaki."

Uani alikuwa ameacha changu mkubwa aliyempata gatini. "Nikupelekee bandani?" nikauliza.

"Bandani kuna nini? Leta hapa." Alikuwa ameukunja mpira wa matofaa na kuutupa uani. Akamlaza yule changu juu ya marumaru, juu ya mabaka, akaanza kumpara kwa kisu, magamba yakaruka ukutani, kwenye nywele, kwenye jiko la gesi. Akapasua tumbo, akavuta utumbo wote kwa mkono mmoja, ukatoka kwa sauti, damu ikafuata mishipa ya jiwe kana kwamba ilichorewa njia. Akakata ndimu. Povu.

"Nimekunja nguo, shangazi," nikasema. "Nirudi lini?"

"Kwenda wapi?"

"Jiwe si limeharibika?"

Akanitazama, gamba moja limemng'ang'ania shavuni. "Ukiondoka, nani atachukia uchafu humu ndani? Shika mkia."

Nikashika mkia. Ulikuwa wa baridi na unateleza, nikageuza uso, nikatema mate, nikashika tena.

Msimuliaji mwingine hapa angewaambia kwamba kwa miaka ile niliyokaa naye hadi kuolewa, harufu ile iligeuka ikawa harufu ya mapenzi. Mimi nina pua. Ilikuwa harufu mbaya na ilibaki mbaya. Nilisugua jiwe lile kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni kila siku, sikutoa hata duara moja, na kila siku niliona kinyaa kipya kama cha jana hakikutosha. Shaweji alikuwa anakuja mara mojamoja, peke yake, kila mara akiwa ameshashiba. Shangazi aliacha kumuuliza. Alikatia kila kitu juu ya jiwe, na karibu na sinki, alipozoea kuparia, pakabonyea kidogo, pakawa kama kiganja.

Siku ya arobaini, baada ya dua na watu kutawanyika, Shaweji aliingia jikoni na mashine ya kusugulia, mvi zimemjaa, Sauda akimfuata na kopo la dawa. Nyumba wanataka kuipangisha. "Linarudi lote, mke wangu wa Nyangamara," akaniambia. "Marumaru haifi. Unaisugua mpaka chini ya doa, unaing'arisha, unaziba." Akaanza pembeni. Vumbi jeupe likapanda, na kwa ajabu ya Mungu, joto la mashine likaamsha shombo yote ya miaka ile ikatoka mara moja, hata yeye akarudi nyuma. Lakini alikuwa fundi. Alipomaliza, pembe ile ilikuwa nyeupe, ina mishipa ya kijivu, unajiona uso. Nilijiona, nikajuta.

Tukamwandalia hapohapo, wali wa hitima na samaki, na nusu ya ndimu. Alikuwa na njaa, alikula amesimama, na kwa mara ya kwanza nikamwona anakula humo bila kuangalia saa. Akakamulia samaki ndimu, akaramba kidole, na bila kutazama, kama alivyokuwa akifanya mama yake kila mlo, akaibwaga ile nusu kifudifudi juu ya jiwe. Juu ya pembe iliyong'aa.

Sauda ndiye aliyeona kwanza. "Shaweji! Ndimu!"

Tulisikia sote watatu, ule mnong'ono mdogo chini yake. Mkono wangu ukaenda kwenye kitambaa wenyewe; ni ugonjwa, siwezi kuona kitu kinachuruzika nikanyamaza. Inzi alikwisha kutua. Shaweji alikuwa anaitazama ndimu, tonge limesimama shavuni, halimezwi.

"Iache," akasema.

Nikakirudisha kitambaa begani. Akameza, akachota tonge jingine, na Sauda, ambaye tangu Idd ile sikuwahi kumwona akila juu ya jiwe lile, akasogea, akanawa mikono kwenye sinki, akanyoosha mkono kwenye sinia. Nikamfukuza inzi. Hilo sikuweza kuliacha.